Watumishi Laki Tatu wa Mto Lukwale

Nchi ya Pakacha haipo kwenye ramani yoyote, nami nimeitumikia miaka kumi na tisa. Msomaji akiona humu kitu kinachofanana na cha kwao, ajue ni macho yake tu. Serikali ya Pakacha haijawahi kufanana na chochote, na mimi niliyekuwa nikiiandikia hotuba ndiye shahidi wa hilo.

Cheo changu kilikuwa Naibu Msaidizi wa Mkurugenzi wa Maelezo, Wizara ya Maji, Mito na Mengineyo. Tafadhali usilidharau hilo neno Mengineyo, maana ndilo lililokuwa na watumishi wengi kuliko maji na mito. Kazi yangu ilikuwa kueleza. Maji yakikatika, naeleza. Maji yakirudi yana rangi, naieleza rangi. Sikuwahi kusema uongo hata siku moja, kwa sababu sikuwahi kusema neno lolote kwa jina langu. Nilichoandika mimi kilisemwa na mtu mwingine, huku akipiga meza.

Mto Lukwale unapita katikati ya mji mkuu wetu. Hutoka milimani ukiwa mto, ukapita ubavuni mwa Kiwanda cha Vitenge cha Nderemo, na ukitoka hapo huwa kitu kingine. Kiwanda kikichapa vitenge vya njano, mto ni wa njano. Juma la sikukuu ya taifa huchapwa bendera, na mto huteremka kwa mistari. Mwaka mmoja balozi mgeni aliuliza kulikoni, nikaandika taarifa kwamba Pakacha ndiyo nchi pekee duniani yenye mto mzalendo. Taarifa ile ilinipatia cheti na picha ya pamoja.

Chini ya kiwanda, kwenye mteremko, ndipo wanapokaa watu wa Bondeni, kaya mia mbili hivi. Maji ya Lukwale ndiyo wanayofulia, kupikia na kunywa, kwa kuwa bomba la wizara limewafikia katika hotuba tu. Ngozi za mikono zinawabambuka, na watoto wao matumbo hayatulii. Serikali ilifanya uchunguzi wa kina, kwa darubini, kutoka Mlimani wanakokaa wakubwa, ikagundua kinachouchafua mto: ni watu wa Bondeni. Wananawa kupita kiasi. "Wakazi wa Bondeni ni adui wa mto" ni sentensi iliyoshangiliwa sana bungeni. Niliitunga mimi, asubuhi moja, nikinywa chai.

Sasa niseme jambo ambalo ofisini hawakulijua. Mimi ni wa Bondeni. Nimezaliwa pale na nimelelewa pale na Shangazi Mwasiti, dada wa marehemu baba yangu, aliyenisomesha kwa kuuza uji. Ofisini nilisema kwetu ni Mlimani, na kwa sababu nilivaa tai hakuna aliyeuliza zaidi. Nyumba ya shangazi, kama nyumba zote za Bondeni, ilikuwa imepigwa X nyekundu ukutani, ikingoja katapila. Hakuwa na nyingine duniani. Rangi ya ile X ilipakwa na mgambo, lakini aliyeichora hasa ni mimi, kwa kalamu.

Nilikuwa namtembelea kila mwisho wa mwezi nikiwa nimevaa kofia na miwani myeusi. Alikuwa akinipokea mlangoni kwa sauti ya kusikika na jirani.

"Karibu, mgeni. Wangu mwenyewe yuko serikalini huko, anakula kwa uma. Wewe kaa tu unywe uji."

*

Dakta Chausiku Mbonde ni binti wa Pakacha aliyekwenda kusoma ng'ambo akafanya kosa la kurudi. Siku moja alikuja wizarani na ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Ndani mlikuwa na maji, na ndani ya maji mlikuwa na vitu kama chenga za mchele.

"Hizi ni mashine," alisema. "Ziko laki tatu. Kila moja inaogelea yenyewe. Inanyonya sumu iliyomo majini, inaigeuza povu, na lile povu ndilo linaloisukuma. Uchafu ndio chakula chake na ndio mafuta yake. Ikionja sumu inageuka nyekundu, kisha inaifuata mpaka inakotoka. Na hapa kwenye kioo cha kompyuta yangu unaona zimefika wapi na zimekula nini."

"Na maji yakiwa safi?"

"Zinatulia chini. Hazina la kula."

Watu wa masjala walichungulia ndooni wakasema ni viluwiluwi, na jina likashika. Baada ya siku mbili lilikuwa limeshafupishwa, tukawa tunaviita viluwi.

Katibu Mkuu hakuwa na shida na viluwi, alitaka kujua tu kisheria ni nini. Ikaundwa kamati ya watu kumi na mmoja. Mjumbe wa uchukuzi alisema vinajiendesha, kwa hiyo ni vyombo vya moto, na kila kimoja kiwe na namba, taa na breki. Mjumbe wa mifugo alisema vinakula, kwa hiyo ni wanyama, vichanjwe. Mjumbe wa utumishi alifikiri sana, akasema kitu kinachokula na hakina breki ni mtumishi wa umma. Dakta Chausiku akakumbusha kwamba hivi vinafanya kazi bila kusukumwa. Kamati ilikiri kuwa hapo pana utata, ikaviajiri kwa muda wa majaribio.

Mwajiriwa wa Pakacha lazima ale kiapo. Ndoo iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa, kifuniko kikaondolewa kwa heshima, hakimu akasoma kiapo cha utii na cha kutunza siri, nami nikashikilia kipaza sauti juu ya maji. Kimya. Hakimu akaandika kwamba waajiriwa wote wameapa kwa pamoja bila pingamizi. Nilivionea wivu. Mimi siku yangu nilikosea mara mbili, na mara ya pili niliapa kutunza serikali na kutii siri.

Baada ya kiapo nilimweleza Dakta Chausiku taratibu za kazi. "Hiki kioo chako kinaonyesha mambo papo hapo?"

"Ndiyo."

"Huo ni utovu wa nidhamu, Daktari. Taarifa ya mtumishi hupitia kwa mkuu wa kitengo, akaipitisha kwa mkuu wa idara, akaipitisha kwa mkurugenzi. Kila mmoja anaweka sahihi."

"Bwana Sudi, kiluwi hakijui kuandika."

"Hata sisi wengi hatujui. Tunapitisha tu."

Akafunga ndoo yake. "Sikia. Amri ya kubomoa Bondeni ni ya Jumatatu, na uzinduzi wa viluwi ni Jumamosi. Nipe mto wenyewe kwa saa moja tu. Uchafu ukionekana unatoka Bondeni, nitanyamaza. Ukionekana unatoka kwingine, zile nyumba zipone. Naomba hilo tu."

Nilimwambia nitalifikisha. Kulifikisha ni neno letu la ofisini, na maana yake ni kwamba mtu asiulize tena.

*

Nilikuwa katibu wa Kamati ya Maandalizi ya Uzinduzi. Kwetu Pakacha mkubwa haonyeshwi uchafu, na hilo halimo katika sheria yoyote, ni malezi. Akienda hospitali, wagonjwa wenye sura za kutia huruma huhamishiwa wodi nyingine. Akipita barabarani, mashimo hufukiwa asubuhi hiyo hiyo. Waziri wetu, Mheshimiwa Ngongoti, hajaona shimo tangu alipoapishwa, na kwa moyo safi kabisa anawashangaa wanaolalamika.

Kikao kilikwenda vizuri mpaka mjumbe mmoja alipouliza Mheshimiwa atasimama wapi.

"Kando ya mto," nikajibu.

"Na mto uko katika hali gani?"

Siku hiyo mto ulikuwa wa zambarau. Mwenyekiti akakohoa, akasema basi usafishwe. Nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao, kwa mkono wangu huu: "Mto usafishwe kabla ya kuzindua mashine za kusafisha mto." Nikapiga mstari chini. Hakuna aliyecheka, wala mimi sikucheka, maana ndimi niliyeunga mkono hoja.

Dakta Chausiku alipopata habari alikuja mbio mpaka kwenye meza yangu. "Mnaelewa kwamba kwenye maji safi hazitatikisika?"

"Daktari," nilimwambia kwa upole, "sisi tunazindua. Kutumia ni idara nyingine."

Kiwanda cha Nderemo kiliombwa kupumzika siku mbili kwa ajili ya maombi ya taifa. Tukaukinga mto kwa mifuko ya mchanga juu na chini, tukavuta maji machafu kwa pampu, tukasugua kitako cha mto kwa sabuni na fagio za chelewa. Kisha magari sitini ya maji yakashuka kutoka Mlimani na kumimina. Likapatikana bwawa zuri ajabu. Kokoto zilionekana mpaka chini, na kwa vile hazikupendeza tukaleta kokoto nyingine.

Watu wa Bondeni walipoona yale maji walikuja na ndoo, masufuria, hata mabakuli. Mgambo wakawafukuza. Shangazi Mwasiti hakukimbia. Alikuja taratibu na ndoo yake, akainama, akachota.

"We mama!" mgambo akapiga kelele.

"Mwacheni," nikasema.

"Unamfahamu, mzee?"

Nilikuwa nimevaa beji ya kamati. "Simfahamu," nikasema. "Ni mtu mzima tu, mwacheni."

Shangazi alisikia. Alijitwisha ndoo, akasimama mbele yangu bila kuishika kwa mkono, kama anavyosimama siku zote.

"Ahsante sana, mheshimiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyo waziri wenu angekuja kila siku tungekuwa na ngozi." Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu. "Naona mmeuosha mto ili mwonyeshe dawa ya kuosha mto. Hiyo akili mlifundishwa shule, au mmezaliwa nayo? Nauliza kwa sababu kuna mtoto nilimlipia ada."

Mgambo wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu ofisa akicheka haonekani kwamba ndiye anayesemwa. Niliona aibu. Niliona aibu kwelikweli, lakini nilikuwa kazini.

*

Jumamosi ikafika, na bendi, na mahema, na pilau. Kwa ajili ya siku hiyo Kiwanda cha Nderemo kilichapa kitenge maalumu cha zambarau chenye samaki wadogo wanaotabasamu, na katikati ya samaki sura ya Mheshimiwa Ngongoti na maandishi ya jina lake. Wageni rasmi wote tulishonewa mashati yake. Nilikaa nimezungukwa na waziri pande zote, na kifuani nilikuwa naye pia.

Mheshimiwa akapanda jukwaani na hotuba yangu.

"Ndugu wananchi! Wapo waliodhani mto huu hauna mwenyewe. Leo nawaambia, mto una serikali, na serikali ina mto, na baina ya mto na serikali hakuna ajuaye kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi!" Makofi. "Viluwi hivi ni vidogo. Lakini serikali yenu haibagui! Imewasahau wakubwa, imewasahau wadogo, na leo imewakumbuka wote kwa pamoja!" Makofi tena, maana pembeni mwa karatasi nilikuwa nimeandika mahali pa makofi. "Na Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Bondeni inaondolewa, mto upate kupumua!"

Nyuma ya kamba, kwa watu wasio na mashati, hakuna aliyepiga makofi. Shangazi Mwasiti alikuwa mstari wa mbele, amejifunga kanga kiunoni, mikono nyuma.

Mheshimiwa akamimina ndoo. Viluwi vikazama polepole, vikatua juu ya kokoto zetu mpya, vikatulia.

Akaniinamia. "Mbona havitembei?"

"Vimesimama wima kwa heshima yako, Mheshimiwa."

Akafurahi. Bendi ikaamriwa kupiga wimbo wa taifa, sote tukasimama wima pamoja na viluwi. Kioo cha Dakta Chausiku kilikuwa kimeunganishwa na kioo kikubwa juu ya lori, nacho kikaandika kwa herufi za kimo cha mtu: UCHAFU HAKUNA. Watu wakashangilia. Mto wetu ulikuwa umethibitishwa na sayansi kuwa safi, nami nikaanza kuifikiria ile pilau.

Lakini Pakacha tuna desturi nyingine. Anayezindua kitu lazima awe wa kwanza kukitumia. Waziri wa Afya alipozindua wodi ya wazazi alilala kitandani akapigwa picha miguu ikiwa juu. Waziri wa Magereza alipozindua gereza alifungiwa dakika tano, na hadi leo wapo wanaosema aliyemfungulia alikuwa na haraka mno. Kwa hiyo Mheshimiwa Ngongoti akavua viatu akaingia mtoni, mpaka magotini, mpaka kiunoni. Wapiga picha wakamwomba achuchumae kidogo ili sura yake ikae pamoja na maji, naye ni mtu asiyemnyima mpiga picha, akachuchumaa mpaka shingoni.

Uzi wa rangi ya zambarau ukatoka kwenye kola.

Viluwi vikashtuka. Chini kokoto zikaanza kutokota kama chungu cha maharage. Vikageuka vyekundu, vyote laki tatu, vikapanda kwa pamoja vikamvamia waziri.

"Vinanitekenya!" Mheshimiwa alisema, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado kimebanwa shingoni, taifa zima lilisikia. "Jamani! Hihihi! Kwapani humo! Sudi! Hihihi! Toa vitu vyako!"

Vilianza na samaki, vikaja kwenye maandishi, vikamalizia na uso. Mheshimiwa alipotoka majini shati lake lilikuwa jeupe pe, halina mtu. Na juu ya lori kioo kikaandika: CHANZO CHA UCHAFU KIMEPATIKANA. Chini ya maneno hayo palikuwa na ramani ya mto, na kwenye ramani nukta nyekundu, na nukta ilikuwa inatembea kuelekea kwenye hema la wageni rasmi. Bendi haikuwa imeambiwa iache, ikaendelea kupiga.

Dakta Chausiku akanijia na karatasi mkononi. "Ona. Rangi iliyotoka kwenye shati ndiyo sumu iliyomo mtoni miaka yote. Ni ile ile, haina tofauti hata chembe. Siyo majivu ya Bondeni, siyo vyoo vya Bondeni. Ni Nderemo. Sema sasa, wanarekodi."

Mwandishi wa televisheni alikuwa ameshaniwekea kipaza sauti mdomoni. "Msemaji wa wizara, uchafu huu umetoka wapi?"

Nyuma ya kamba shangazi yangu alikuwa ananitazama. Hakuonyesha hasira. Alikuwa amekaza macho kama mtu anayesubiri mtoto wake ataje jibu analolijua.

"Bondeni," nikasema.

Naapa sikukusudia. Kinywa changu nacho kinajiendesha chenyewe, na kimezoea njia. Shangazi akageuka, akapasua watu, akaenda zake.

*

Jumapili nilitoa taarifa rasmi kwamba shati la Mheshimiwa lilifuliwa Bondeni. Jioni ile Mheshimiwa akanipigia simu mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyesema Bondeni mbele ya kamera. Basi kesho uende na katapila ukawaonyeshe."

Dereva wa katapila alikuwa Bwana Lugome, mtu mpole mwenye chupa ya chai, aliyebomoa miaka ishirini bila kumkasirikia mtu yeyote. Saa mbili kamili alisimamisha dude lake mbele ya nyumba ya tatu kutoka darajani, kwa sababu ndiyo iliyotazamana na barabara. Alitoa karatasi akaisoma kwa sauti: bomoa majengo yote yaliyopo penye chanzo cha uchafu wa mto, kama kitakavyoonyeshwa na ofisa wa wizara.

"Ofisa ni wewe?" aliniuliza. "Haya, onyesha. Ni hapa?"

Nyumba ya tatu kutoka darajani ni ya shangazi. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda, nyuma yake uji ukiwa jikoni. Hakuwa amefungasha hata kijiko.

"Hodi," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Karibu, ofisa," akajibu.

Bwana Lugome akaacha injini ingurume, akamimina chai. Ndipo Dakta Chausiku alipotokea mtoni, suruali ameikunja mpaka magotini, na ndoo mkononi. Jumapili nzima alikuwa bwawani akiviokota viluwi kwa chandarua. Kiwanda cha Nderemo kilikuwa kimefungua alfajiri kuchapa upya mashati ya Mheshimiwa, mifuko ya mchanga ilikuwa imeondolewa, na mto ulikuwa unashuka na rangi yake yote.

Hakuniomba kitu safari hii. Alimimina.

Havikuzama. Viligeuka vyekundu kabla havijatawanyika, vikashika mstari mmoja kama siafu, vikaanza kupanda mto. Vikawapita akina mama wanaofua, vikavipita vyoo, vikaipita nyumba ya mwisho ya Bondeni bila hata kusita. Watu wakavifuata ukingoni, wengine wanakimbia, na Bwana Lugome na kikombe chake. Hatua mia tatu juu vikafika kwenye bomba la Kiwanda cha Nderemo, vikajazana mdomoni mwake, na povu likapanda likakifunika kibanda cha mlinzi. Mlinzi akatoka akikimbia, na mpaka leo hajarudi kuchukua kofia.

Na huku nyuma, mbele ya nyumba ya shangazi, maji yakawa meupe. Yalikuwa meupe kwa robo saa hivi. Shangazi aliinuka, akashuka mpaka mtoni, akachota kiganja kimoja, akakitazama, akakimwaga. Akachota tena. Nimeandika hotuba nyingi kuhusu maji, na sikuwahi kuona mtu akiyatazama namna ile. Nililia, na miwani myeusi nilikuwa nimeisahau nyumbani.

Bwana Lugome alirudi ukingoni. "Kumbe siyo hapa," akasema.

"Siyo hapa," nikasema. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Niliitambua kwa sababu ilikuwa inatetemeka.

"Basi andika, mzee. Bila karatasi sibomoi, na bila karatasi siwezi kuacha kubomoa. Nikirudi na katapila safi nitaulizwa." Akavuta kutoka chini ya kiti fomu iliyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Juu yake palikuwa pameandikwa Hati ya Kutobomoa. Miaka ishirini aliyokuwa nayo hakuna aliyewahi kuiomba.

Nikaitazama mbele na nyuma. "Mahali pa kupitia kwa mkurugenzi ni wapi?"

"Hapana. Hii mtu anajiandikia mwenyewe."

Jina kamili. Cheo. Makazi. Sahihi. Kalamu ilinigomea. Mimi niliyeandika kurasa elfu na elfu za watu wengine, jina langu lilikuwa gumu kuliko zote.

"Mwandikie, baba," shangazi alimwambia dereva kutoka mtoni. "Ni Sudi Rajabu Kipingu. Kama amelisahau mimi ninalo, nilimpa mwenyewe."

Nikaandika. Nikaandika cheo, ambacho kilikula mistari miwili. Kwenye makazi mkono ulianza na M ya Mlimani kwa mazoea. Nikaikata. Nikaandika: Bondeni, nyumba ya tatu kutoka darajani, kwa Mwasiti Kipingu. Nikaweka sahihi. Bwana Lugome akaisoma mpaka mwisho, akazima injini, akamaliza chai yake.

*

Nilifukuzwa Jumatano. Viluwi vilifukuzwa siku hiyo hiyo, kwa kosa hilo hilo la kutoa taarifa bila kupitia kwa mkubwa wa kazi. Tulikuwa kwenye orodha moja, watumishi laki tatu na mmoja. Orodha ilipangwa kwa kufuata mchango wa kila mtumishi katika wizara, na mimi nilikuwa wa mwisho.

Dakta Chausiku alivichukua kwa chandarua, akaniachia mimi na shangazi kopo moja. Shangazi ameviweka kwenye pipa la maji ya uji. Vinazunguka, vinakula, na vikitulia chini anajua sasa anaweza kubandika. Kiwanda kimeweka wavu mdomoni mwa bomba, na mto bado unafuata mitindo.

Ila barua yangu ya kufukuzwa ilikuwa na jambo ambalo aliyeiandika hakuliona, na aliyeipitisha hakuliona, na Mheshimiwa aliyeitia sahihi hakulisoma. Iliandikwa kwa makazi niliyojaza mwenyewe kwenye Hati ya Kutobomoa. Tarishi wa serikali alishuka na baiskeli, akauliza nyumba ya tatu kutoka darajani, akaonyeshwa, akagonga. Bondeni haikuwahi kuletewa barua na serikali tangu dunia iumbwe, kwa kuwa kiserikali hapana watu, na pasipo watu hapana haja ya kumpa mtu notisi. Dakta Chausiku aliisoma barua, akaisoma tena ile anwani, akaanza kucheka peke yake.

"Sudi, sheria yenu ya makazi inasemaje?"

Nikamwambia, maana niliwahi kuieleza redioni: mahali serikali ilipopeleka barua panatambulika, na panapotambulika hapabomolewi bila wenyewe kusikilizwa na kulipwa.

Katapila lilipotumwa tena, shangazi alitoka na barua. Bwana Lugome aliisoma mpaka penye mhuri. "Kwa hiyo hapa panajulikana," akasema, na akageuza. Wizara ikagundua kosa, ikaandika haraka barua ya kuifuta ile barua. Ikaileta kwa anwani ile ile. Sasa tukawa nazo mbili.

Tangu hapo nina kazi. Nakaa kibarazani na meza ndogo, jirani wanapanga foleni, nami namwandikia kila mmoja barua ya kuiomba wizara bomba la maji. Naandika jina la mwenye nyumba na nyumba ya ngapi kutoka darajani, na chini nasaini kwamba mwandishi ni mimi. Wizara haiwezi kuacha kujibu, kwa kuwa sasa inanichukia. Jana imejibu ile ya nyumba ya saba. Inasema ombi halina msingi, ni la kipuuzi, ni la kuwapotezea watu muda, na lisirudiwe tena. Mama mwenye nyumba hajui kusoma, nikamsomea polepole. Jirani yake alipofika, mama alikuwa bado analia kwa furaha, anamwonyesha kwa kidole pale juu, jina lake, limeandikwa na serikali, bila kosa hata moja.